Mama Hatuazimi, Mkuu wa Chuo

Wazazi wangu, ndugu, majirani, watumishi na wanafunzi wa chuo, ninyi mliopata pa kukaa na ninyi wengi zaidi mliosimama tangu asubuhi, familia imenipa mimi, mdogo wa mume wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu, nami nimeipokea kwa sababu sote tumechoka na wa mwisho kukataa nilikuwa mimi. Mnivumilie sauti hii iliyokauka, nitasoma polepole, kwani marehemu hakuwahi kumpenda mtu anayesoma kama anayefukuzwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, fundi viatu, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Kwa kuwa alikuwa na miguu mepesi na uso usiojua kuona haya, yeye ndiye aliyetumwa kwa majirani kuazima chungio, chumvi na kiberiti, na alituambia mara nyingi kwamba alijifunza kuzisoma nyuso za watu wanaoombwa kabla hajajifunza kusoma kitabu. Kazi hiyo aliichukia, lakini aliifanya mpaka mdogo wake alipokua na kurithishwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 akamaliza 1970, akaendelea na sekondari kuanzia 1971 hadi 1974, kisha akachaguliwa kwenda chuo cha ualimu wa kilimo, ambako alisoma miaka mitatu na kuhitimu tarehe 2 Disemba 1977. Wenzake wa wakati ule wamenieleza kwamba hakuwa wa kwanza darasani na hakuwa wa mwisho, bali alikuwa yule anayeuliza swali kengele ikishalia, darasa zima limeshika madaftari mkononi, na ninyi wanafunzi wake mnaotabasamu huko nyuma mnajua kwamba tabia hiyo hakuiacha.

Tarehe 1 Julai 1978 aliajiriwa katika chuo chetu cha kilimo na mifugo, akakikuta kama wengi wetu tulivyokikuta, madarasa mawili yenye madirisha yasiyo na vioo, maabara yenye meza nzuri za saruji lakini juu ya meza hakuna kitu, maktaba ambayo ilikuwa kabati moja lenye kufuli, na wasichana wachache waliolala kwenye ghala la chakula cha mifugo, ambao asubuhi waliingia darasani na pumba kwenye nywele. Wavulana waliwacheka, na yeye akawa anakuja na kitana kwenye mkoba wake, anawachana nywele mmoja mmoja kabla ya kipindi cha kwanza.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo wazee wa chuo wanalijua na vijana wanaweza wasilisadiki. Vyuo vyetu vya pembezoni vilikuwa na desturi ya kuazimana vifaa kila wakaguzi walipokuja, hadubini za kuonea vijidudu kutoka chuo hiki, vitabu kutoka kile, magodoro na viti vya buluu kutoka chuo cha mjini, mzigo ukazunguka kwa lori chuo hadi chuo, ukiwatangulia wakaguzi kwa siku moja, kiasi kwamba mkaguzi mmoja mnene alikalia kiti kilekile katika vyuo vitatu, na kila mahali akasifu uimara wake. Wakaguzi waliandika kwamba vifaa vinatosha, wakanywa chai, wakaondoka, lori likapakiwa tena, na chuo kilipoomba hadubini makao makuu kilijibiwa kwamba hadubini mnazo, zimeonekana kwa macho. Tulikaa na njaa miaka mingi kwa sababu ya kujifanya tumeshiba, na hakuna aliyeona ajabu, kwani kila mkuu wa chuo aliyekuja alikuta mambo yako hivyo na aliyaacha hivyo.

Dereva wa lori hilo alikuwa kaka yangu, huyu mnayemwona hapa mbele, na mimi nilikuwa msaidizi wake, kazi yangu ikiwa kushika hadubini mapajani njia nzima ili zisigongane. Ndivyo walivyojuana, yeye mwalimu kijana anapokea viti, kaka anashusha viti, na baada ya kaguzi kadhaa kaka akaanza kuchana nywele zake kabla hatujafika getini, nikajua mambo yameiva. Walifunga ndoa tarehe 22 Disemba 1981, na Mungu aliwajalia watoto wawili, binti yao mkubwa aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1983, ambaye leo ni fundi cherehani, na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1987, ambaye ni fundi umeme.

Tarehe 3 Januari 2000 marehemu aliteuliwa kuwa mkuu wa chuo, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, na mwaka wa kwanza aliutumia wote kuomba kwa barua na kwa miguu, akijibiwa yaleyale, kwamba chuo chake kina kila kitu. Wakaguzi walipotangaza kwamba watakuja tarehe 11 Oktoba 2001, naibu wake alifanya kama ilivyokuwa ikifanywa siku zote, akatuma lori, na jioni ya kuamkia siku hiyo tukafika getini tumejaza mzigo hadi juu, tukamkuta shemeji amesimama katikati ya njia na mikono ameikunja. Naibu alimsihi kwa maneno ya funika kombe mwanaharamu apite, wazee wa kijiji walikuja wakamsihi, na yeye akawajibu kwamba nguo ya kuazima haisitiri, na mwisho wa methali hiyo mnaujua, siwezi kuumalizia mbele ya jeneza. Kisha alimgeukia mume wake aliyekuwa nyuma ya usukani, akamwambia, "Baba nanihii, rudisha, hatuazimi," na kaka yangu, mtu ambaye sijawahi kumwona akibishana na mkewe akashinda, aligeuza lori.

Kesho yake wakaguzi walikalia matofali kama wanafunzi wanavyokalia siku zote, wakaonyeshwa hadubini moja iliyopasuka kioo, iliyofungwa kwenye taulo kama mtoto mchanga, wakafunguliwa ghala na kuona vitanda vya wasichana katikati ya magunia ya pumba. Mkaguzi mnene alipiga chafya mpaka akatolewa nje, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Ripoti ilitoka tarehe 20 Novemba 2001, nayo iliandika ukweli kwa mara ya kwanza, na adhabu ya ukweli ikaja palepale, chuo kisipokee mwanafunzi mpya mpaka kitakapokuwa na maabara na bweni. Walimu wakaanza kuomba uhamisho, wenye maduka waliokuwa wakiwauzia wanafunzi sabuni na mikate wakafunga, watu wakamwita Mama Hatuazimi kwa kumsimanga, na wengine, nao wamo humu leo na tunawashukuru kwa kuja, walivuka upande wa pili wa barabara walipomwona.

Lakini aliyeumia kuliko wote alikuwa ndani ya nyumba yake. Binti yao alikuwa amefaulu vizuri, alikuwa aanze masomo hapohapo chuoni Januari 2002, na kwa mtoto wa mtumishi ndiyo njia pekee iliyokuwepo, maana kwingine kote nafasi zilikuwa zimejaa na ada hatukuiweza. Alikuwa ameshashona sare yake mwenyewe kwa mkono, akaitundika nyuma ya mlango, na sare ile ilikaa pale, msimu mmoja, msimu mwingine, mpaka siku moja akaishusha, akaifumua, na kitambaa kile akakishonea nguo za mtoto wa jirani. Baada ya hapo alijifunza cherehani, tarehe 17 Juni 2006 akaolewa, na kwa muda mrefu alimsalimia mama yake kama mtu anavyomsalimia karani wa ofisi.

Siwezi kuwaeleza safari zote za miaka ile bila kuwachosha kama zilivyomchosha yeye. Aliondoka nyumbani kwa basi la alfajiri akiwa na viazi vya kuchemsha kwenye mkoba, akakaa kwenye benchi la ukumbi mrefu wa makao makuu, ambako makarani walimzoea hata wakawa wanamwachia kikombe chake, na kila mara aliambiwa arudi wiki ijayo, naye alirudi wiki ijayo. Miguu yake ilianza kuvimba kwenye benchi lile, tuliiona, tukamwambia apumzike, akatuambia kwamba ripoti inasema hatuna kitu, na mtu asiye na kitu hawezi kunyimwa milele. Maabara ilipata hadubini zake mwanzoni mwa 2005, wavulana wakarudi, lakini wasichana walisubiri, binti yake pamoja nao, kwani kuwarudisha ghalani alikataa katakata na kumtanguliza wake peke yake hakutaka.

Msingi wa bweni ulichimbwa, kuta zikafika usawa wa madirisha, kisha mjenzi akaondoka na hakurudi, majani yakaota vyumbani, na wapangaji wa kwanza wa bweni la wasichana wakawa mbuzi wa kijiji. Alianza tena safari, benchi lilelile, viazi vilevile. Bweni liliezekwa na kufunguliwa tarehe 17 Septemba 2007, vitanda sitini, maji ndani, na mlango wenye komeo kwa ndani, jambo ambalo alilisisitiza kwa mafundi mpaka wakamkimbia. Siku hiyo alisimama mlangoni kuwapokea wasichana, akawagawia vitanda vyote isipokuwa kimoja, cha kwanza karibu na dirisha, alichokitandika yeye mwenyewe, akatuma ujumbe kwa binti yake kwamba nafasi ipo. Binti alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na cherehani ya kulisha nyumba, hakuja. Kitanda kile kilikaa kitupu muhula mzima, kisha marehemu akampa msichana mwingine, na maji yakimwagika hayazoleki.

Familia ilipokutana kuandika historia hii, mmoja wetu alipendekeza tuseme kwamba mama na binti walipatana siku ileile na kukumbatiana. Binti mwenyewe, aliyekuwa pembeni, alisema, "Ba'mdogo, usiandike hivyo. Andika kwamba nilikasirika miaka mingi, na kwamba nilimwogesha mpaka siku ya mwisho." Basi nimeandika.

Marehemu alistaafu tarehe 14 Machi 2017, akiacha chuo chenye wanafunzi zaidi ya mia nne, nusu yao wasichana, na wakaguzi walipokuja mwaka huo walikalia viti vya chuo chenyewe, wakaviona vya kawaida tu. Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na moyo, miguu iliyoanza kuvimba kwenye benchi ikavimba kabisa, akalazwa mara kadhaa, na binti yake akahamisha cherehani yake, akaiweka chumbani kwa mama, akawa anashona, mama awe macho au amelala, mara nyingi bila kuongea. Kaka aliniambia kwamba ulikuwa ukimya mzuri, tofauti na ule wa zamani, nami namwamini, ameishi na ukimya wa aina zote mbili. Tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, wodini, moyo wake ulisimama, binti akiwa amemshika mguu mmoja akiukanda.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule muuguzi aliyekuja kumuaga hata siku yake ya mapumziko, nawashukuru majirani mliotuletea maji na kuni bila kuombwa, nawashukuru walimu wenzake, wale waliobaki na wale waliohama kisha wakarudi leo, na makarani wa makao makuu walioleta kile kikombe chake, nasi tumekiweka mezani pale.

Namshukuru pia mkuu wa sasa wa chuo, ambaye jana alitutumia lori na viti mia mbili vya chuo, vizuri, vipya, ili wageni wasikose pa kukaa. Mkuu, usituone wakosefu wa adabu. Lori lilipofika hapa tulikuwa tumechoka sote, mimi nilishaanza kufungua mlango wa nyuma nishushe, na kaka alikuwa pembeni ameegemea fimbo yake. Binti ya marehemu alitoka ndani na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, maana alikuwa akiimalizia sanda ya mama yake, akasimama katikati ya njia, akakunja mikono, akamwambia dereva kwa upole arudishe. Dereva akanitazama mimi, mimi nikamtazama kaka yangu, na kaka, ambaye hakuwa amelia tangu wodini, ndipo alipolia.

Ndiyo maana mmesimama, ndugu zangu, mtusamehe miguu yenu. Shemeji, umechoka, na sisi tumechoka, benchi limekwisha. Pumzika kwa amani, amani hii ni yako mwenyewe, hukuiazima kwa mtu.