Nani Anaenda na Seifu

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Seifu alimpa shikamoo konda wa basi, kijana wa rika la wanawe, na kijana akaitikia marahaba. Seifu ana miaka hamsini na minane, ananunua vitunguu swaumu hapa Dongobesh. Ugonjwa wa sukari umemletea uvimbe ndani ya jicho, upande wa nyuma. Akikutazama anaona masikio yako. Uso umefunikwa na ukungu. Benchi la kahawa la Raya, mbele ya ghala la Seifu, lilicheka hadi vikombe vikamwagika. Walikuwepo Gervasi, aitwaye Antena kwa kunasa kila habari inayopita hewani, na Lameck, dalali wa ng'ombe, aitwaye Breki kwa sababu hajawahi kukubali jambo mara ya kwanza.

— Kijana kakupokea vizuri, alisema Antena. Nilidhani atakuuliza na habari za shule.

— Chekeni tu. Alhamisi naenda Arusha. Ijumaa daktari ataniwekea kijiti cha dawa ndani ya jicho.

— Kijiti? Breki aliweka kikombe chini. Si kile cha uzazi wa mpango?

— Hicho ni cha mkono. Hiki ni kidogo kuliko punje ya mchele. Kinaingizwa kwa sindano, kinatoa dawa polepole kwa miezi, uvimbe unashuka.

— Sindano ya jicho! Na umekaa hapa unakunywa kahawa!

— Wanatia ganzi, Breki.

— Ganzi wameshatia. Kichwani.

— Dawa yenyewe inaitwaje? aliuliza Antena.

— Steroidi.

— Mungu wangu! Ndiyo wanayonenepeshea kuku. Wiki tatu tu jicho limenona, kope hazifungi. Utalala unatazama dari.

— Daktari alisema presha ya jicho inaweza kupanda, ndiyo maana nitarudi kupimwa.

— Presha! Breki alisimama. Mmesikia? Jicho limekuwa tairi! Basi likipanda mlima wa Daudi, pu!

— Na lazima kuna kamera ndani yake, aliongeza Antena. Wa Arusha wataona kila unachoona. Hata mizani yako.

— Kama ni mizani yake, alisema Raya akimimina, hata mimi nachangia nauli.

Seifu alicheka nao. Daktari alikuwa amemwambia kwamba akichelewa, uono uliobaki unaweza kupotea usirudi. Hata hivyo tangu alfajiri alikuwa anatafuta sababu ya kutokwenda, na benchi lilikuwa linamgawia bure.

— Labda nisubiri mavuno yapite, alisema.

— Hapo umesema! Breki alipiga paja. Jicho halina miguu, litakukimbia wapi?

Efrazia, mama kutoka kijiji cha Masieda aliyefuata mbegu ya vitunguu, alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala muda wote.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Samahani, nimesikia. Mama yangu alichomwa sindano ya jicho mwaka juzi. Walituambia asirudi peke yake, maana siku hiyo haoni vizuri. Huyu mzee nani anaenda naye?

Antena alichungulia kikombe chake. Raya alishika birika bila kumimina. Mke wa Seifu, Safina, yuko Katesh anamuuguza mama yake. Watoto wako Dar es Salaam. Benchi lilijua hayo yote.

— Nitaomba mtu yeyote kituoni anipandishe basi, alisema Seifu.

— Yeyote! alisema Breki. Akupandishe la Haydom, ukapotelee huko!

Safari hii hakuna aliyecheka. Breki aliketi.

— Kwa nini hukusema huna wa kwenda naye?

— Mlikuwa mnaongea.

Alhamisi asubuhi, basi la Arusha liliondoka Dongobesh. Seifu alikaa dirishani. Lameck Breki alikaa pembeni yake, akieleza kwa sauti kwamba sindano ya jicho ni wazimu. Kijiti kiliwekwa Ijumaa kabla ya adhuhuri. Muuguzi alitoka mlangoni akauliza nani yuko na Seifu. Lameck alisimama.