Mama Rudia wa Chumba Namba Tisa

Jumanne, tarehe 17 Juni 1997, marehemu aliliandikia jarida moja la kitaaluma barua ya mistari sita, akiomba makala yake mwenyewe ifutwe. Nakala ya barua hiyo ipo hadi leo katika faili la kijani, rafu ya pili, Chumba Namba Tisa cha taasisi ya utafiti wa dawa alikofanya kazi maisha yake yote. Haina neno "samahani" wala "bahati mbaya". Inaeleza kosa lilikuwa lipi, lilifanyika vipi, na kwamba aliyelifanya ndiye mwenye sahihi hapo chini.

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1961, kifungua mimba wa fundi saa na mwalimu wa shule ya msingi. Duka la baba yake lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kioo, meza iliyoinuliwa ukingo ili vipuri visidondoke, na saa thelathini na kitu ukutani ambazo hakuna mbili zilizokubaliana. Moja tu ndiyo iliyokuwa sahihi, ile ya juu ya mlango. Wateja wengine hawakuijua. Yeye aliijua tangu hajaanza shule. Mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, alizaliwa Februari 1968.

Mchana mmoja wa Machi 1974 mdogo wake alianguka sakafuni mwa duka hilo, mwili ukimtetemeka, macho yamegeuka. Kilikuwa kifafa, na ilikuwa mara ya kwanza. Mama yao alipiga kelele. Mteja mmoja alitafuta kijiko cha kumtia mtoto mdomoni, baba akamzuia. Dada yake, wa miaka kumi na miwili, alisukuma kiti kikampisha, kisha akasimama akitazama juu ya mlango.

"Mwenzio anakufa, wewe unaangalia saa?" mama yake alimuuliza baadaye, machozi hayajakauka.

"Dakika nne na nusu, Mama. Daktari atauliza."

Daktari aliuliza. Hakuna mwingine aliyekuwa na jibu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974 na sekondari hadi 1980. Mwalimu wake wa kemia aliandika kwenye ripoti ya mwisho: "Mwanafunzi huyu huuliza swali lile lile mpaka jibu lichoke." Alipata shahada ya kwanza ya kemia mwaka 1984, ya pili mwaka 1988, na ya uzamivu katika kemia ya dawa mwaka 1993. Hakuwahi kuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa mwisho kutoka maabara, na hilo alilitaja kama sifa.

Kazi aliianza tarehe 3 Februari 1986, Chumba Namba Tisa, ghorofa ya chini. Waliokifahamu chumba hicho wanakumbuka benchi lenye alama ya duara ya moto, kabati la kuvuta mvuke ambalo feni yake ililia kama birika, na jokofu lililoandikwa CHAKULA MARUFUKU kwa mwandiko wake. Mizani ilikaa kwenye meza ya zege peke yake. Ilipima hadi sehemu ya elfu kumi ya gramu, na lori likipita barabarani tarakimu ya mwisho ilicheza. Alikuwa akisubiri lori lipite, anapima, anasubiri jingine, anapima tena. Wanafunzi walioleta matokeo mazuri walijibiwa kwa neno moja: "Rudia." Walioleta mabaya walijibiwa neno hilo hilo. Ndipo wakamwita Mama Rudia, kwanza kwa kificho, kisha usoni. Aliitika.

Alichokitafuta kilijulikana na kila mtu. Vidonge vya hospitali vilipunguza kuanguka kwa mdogo wake, havikukukomesha. Mdogo huyo alikuwa amerithi duka la saa, na kila alipoanguka mezani vipuri vilitawanyika, yeye akaamka na kuanza kuviokota kimoja kimoja. Dada yake alikuwa akichunguza mzizi wa kichaka kinachoota kando ya barabara. Kutokana nao alitenga vitu vingi, akavipa namba badala ya majina. Namba Arobaini na Saba ilionekana kuzuia kifafa katika panya weupe wa maabara: panya waliopewa dawa ya kuwaangusha walianguka, waliotanguliziwa Arobaini na Saba wengi wao hawakuanguka. Makala ilitoka Novemba 1995. Mdogo wake alizikata kurasa zake na kuzikunja ndani ya pochi. Alipokutana na dada yake hakumsalimia kwanza. Aliuliza, "Lini?"

Alijibiwa: "Miaka michache. Imeshapatikana."

Jumatatu, tarehe 6 Januari 1997, taasisi iliajiri mtunza wanyama mpya, kijana mrefu aliyetoka kwenye mashamba ya kuku. Mwezi wa nne alibisha hodi Chumba Namba Tisa.

"Dokta, samahani. Wale panya wa Arobaini na Saba."

"Wamefanyaje?"

"Hawajapona."

"Hawakuwa wagonjwa. Ni wazima wanaopewa kinga."

"Basi hawana kinga. Wamelewa."

"Umesomea wapi famakolojia?"

"Sijaisomea, Dokta. Ila walevi nawajua. Baba mkwe wa dada yangu hutembea vile vile, anashika ukuta, anacheka na ndoo."

Alimwambia akapime chakula cha panya. Kwa wiki tatu hakuzungumza naye ila kwa vikaratasi. Mwisho wa wiki ya tatu alitoa madaftari yake ya miaka minne, akayasoma ukurasa kwa ukurasa, na katika majaribio yote manne akakuta kosa lile lile, kwa mwandiko wake mwenyewe. Arobaini na Saba haikuyeyuka kwenye maji, hivyo aliiyeyusha katika kimiminika kizito, kitamu, chenye ukoo na pombe. Panya wa kulinganishia walipaswa kupewa kimiminika hicho hicho bila dawa. Lakini pipa lilikuwa linaelekea kwisha, jingine lilichelewa bandarini, na yeye akabana matumizi. Panya wa kulinganishia aliwapa maji ya chumvi. Kundi moja lilipata kinywaji, lingine likapata maji, naye akalinganisha.

Jumatatu iliyofuata aliwapa panya kumi kimiminika peke yake, kisha dawa ya kuwaangusha. Wanane hawakuanguka. Alimwita mtunza wanyama.

"Rudia," alimwambia.

Alirudia. Wakawa wanane tena.

Wakuu wa idara walimshauri asubiri. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watakaopandishwa kuwa profesa mwaka huo, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa amelalamika. Aliandika ile barua ya mistari sita, akaitia posta mwenyewe, na jina lake likatolewa kwenye orodha. Uprofesa aliupata mwaka 2011.

Kutoka posta alikwenda moja kwa moja dukani kwa mdogo wake. Alimkuta ana kioo cha ufundi jichoni.

"Kwa hiyo dawa haipo," mdogo wake alisema alipomaliza kusikiliza.

"Haipo."

"Na wale panya?"

"Walikuwa wamelewa."

Mdogo wake alicheka mpaka kioo kikadondoka. "Sasa Dada, si unipe hicho walichokunywa?" Kisha akatoa pochi, akazikunjua zile kurasa, akazitandika mezani na kuweka vipuri juu yake. Hakuonekana nyumbani kwa dada yake kwa miezi saba. Alipokuja, dada yake alimwahidi jambo moja tu: hatamwambia tena kitu ambacho hakijathibitishwa na mtu asiyejua anachokitafuta.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na mtunza wanyama. Bwana harusi aliwasimulia wageni kwamba alikuwa ameposa mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa, "Rudia." Mara ya pili aliambiwa, "Rudia, lakini siku nyingine, isije ikawa ni hali ya hewa." Walijaliwa binti mwaka 2000 na mwana mwaka 2002. Nyumbani kwao chumvi ilipimwa kwa kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, na chai ilikuwa na ladha ile ile kwa miaka ishirini na mitano.

Mwaka 2004 alirudi kwenye mzizi ule ule. Safari hii alichunguza sehemu ya mchujo ambayo zamani ilikuwa ikimwagwa, na ndani yake akakuta kitu chenye nguvu ndogo, lakini ya kweli. Yeye na wanafunzi wake walikibadilisha umbo, kipande kwa kipande, kwa miaka kumi na minane. Namba Mia na Kumi na Mbili, iliyotengenezwa Oktoba 2022, inayeyuka kwenye maji matupu. Alipoiona imeyeyuka aliweka chupa chini na kukaa kwenye stuli. Mumewe anasema hakuwa amewahi kumwona akikaa kwenye stuli ile saa za kazi.

Alikuwa amestaafu tayari, Novemba 2021, akawa anakuja kama mtafiti wa kujitolea. Jaribio kubwa la Mia na Kumi na Mbili alilipanga yeye: makundi sita, wiki kumi na mbili, kuanzia Jumatatu tarehe 12 Februari 2024. Chupa zilipewa herufi. Ni mtu mmoja tu, mkutubi wa taasisi, aliyeandika herufi ipi ni dawa na ipi ni maji, akafunga karatasi kwenye bahasha, akapiga sahihi juu ya kifuniko na kuifungia kabatini. Anayetoa dozi hajui. Anayehesabu panya walioanguka hajui. Marehemu hakujua.

Ugonjwa ulibainika tarehe 22 Agosti 2023: saratani ya kongosho. Alipokea taarifa hiyo akiwa na kalamu mkononi, akauliza kipimo kilifanywa mara ngapi, akaambiwa mara mbili, akafunga daftari. Alilazwa mwezi Machi mwaka huu, wodi ya nne, kitanda namba kumi na moja. Aliweka jedwali la maumivu yake mwenyewe, saa na dozi. Muuguzi alimkuta akimsahihishia muda wa sindano.

"Mama, wewe ni mgonjwa au mkaguzi?"

"Vyote viwili. Andika saa nne na dakika tano."

Mwanzoni mwa Aprili mdogo wake alivuta kiti pembeni ya kitanda, akasema alichokuja kusema.

"Dada, mpigie simu mkutubi. Afungue bahasha, akunong'oneze. Mimi sitamwambia mtu."

"Zimebaki wiki nne."

"Na wewe umebakiwa na ngapi?"

Alichukua jedwali lake la maumivu, akaandika saa. Mdogo wake akamgeukia mumewe aliyekuwa dirishani. "Shemeji, mwambie basi."

"Shemeji, mimi nilimwambia kitu mara moja. Akaninyamazia wiki tatu."

Marehemu alicheka, na kicheko kilimuumiza. Kilipopita alimshika mdogo wake mkono. "Tukijua leo, wanaohesabu panya watatusoma usoni. Wataona wanachotaka kuona. Mimi nilishaona nilichotaka kuona, nikaja dukani kwako kukiomba kirudi. Sitaki uambiwe mara mbili."

"Hata kama hutajua?"

"Utajua wewe."

Mdogo wake alikaa mpaka muda wa kuwaona wagonjwa ukaisha. Hakulitaja tena.

Siku nne kabla ya kufariki alimwita binti yake na kumwamuru aandike maagizo kwa mkutubi. Maagizo hayo ni mistari mitatu: Bahasha isifunguliwe kabla panya wa mwisho hajasomwa. Likitoka jibu lolote, mdogo wangu aambiwe siku hiyo hiyo. Na kama dawa haipo, aambiwe haipo.

Alifariki Jumanne, tarehe 23 Aprili 2024, saa tano na dakika arobaini asubuhi. Saa hiyo iliandikwa na mdogo wake, ambaye alikuwepo, na ambaye baadaye alisema hakujua afanye nini kingine.

Ameacha mume, binti, ambaye ni mfamasia, mwana, ambaye ni mwanafunzi wa ufundi umeme, mdogo wake wa kiume, fundi saa, na wifi yake, wapwa watatu, na wanafunzi kumi na tisa wa shahada za juu, ambao leo wamebeba jeneza kwa zamu kwa sababu hawakukubaliana nani aachwe. Wazazi wake walimtangulia, baba mwaka 1994 na mama mwaka 2008.

Mungu ampokee na kumpa utulivu ambao hakujipa alipokuwa nasi.

Baada ya mazishi familia itapokea wageni nyumbani hadi saa kumi na mbili jioni. Kundi la mwisho la panya litasomwa Ijumaa, tarehe 3 Mei. Bahasha itafunguliwa Jumatatu, tarehe 6 Mei, saa tatu asubuhi, Chumba Namba Tisa, mbele ya mkutubi, wanaohesabu, na mdogo wa marehemu. Duka la saa litafungwa siku hiyo hadi mchana.