Vunjeni Sakafu ya Uani

Sogeeni karibu, wanangu, na muache kunitazama kama sufuria inayochelewa kuchemka. Nitaondoka wakati wangu ukifika. Wewe Fundi, kifungua mimba wangu, toka hapo mlangoni uje ukae huku kitandani. Na wewe Kitinda, kaa upande huu, usimpe kaka yako mgongo mbele yangu, maana sauti niliyobakiwa nayo haitoshi kusema neno moja mara mbili.

Nyumba si ya kugombania. Vyumba vya mbele ni vyako, Fundi, wewe na mkeo. Chumba hiki na jiko ni vya Kitinda, na asije mtu akamwambia kwamba aliyeolewa akarudi hana kwao. Kwao ni hapa. Cherehani apewe mjukuu wangu wa kike. Ajifunze kushona asijifunze, ni yake. Hayo yamekwisha. Kinachonikosesha usingizi ni uani.

Baba yenu, Mungu amrehemu, alipoianza bustani ile, udongo ulikuwa umejaa vigae na misumari. Kila mvua za kwanza zikikaribia tulitoka mimi na yeye, yeye akiinua matuta, mimi nikimfuata nyuma na mbegu nilizozikausha kwenye gazeti, nikimkaripia kwamba anafukia kina mno, naye ananijibu, "Haya, bibi shamba." Nyanya, mchicha, bamia, vyote vilitoka pale, na vifaranga wakishapata nguvu tunawafungulia wachakure pembeni. Alipotutoka niliendelea kulima peke yangu, kwa kuwa kila nikishika jembe nilimsikia. Ndivyo nilivyoteleza kwenye tope nikavunjika nyonga.

Nikiwa bado nimelazwa, wewe Fundi ukamwaga zege ua mzima. Mifuko ya saruji uliibeba kwa mgongo wako mwenyewe, ukasawazisha hata maji yasituame, ili mama yako asianguke tena. Niliporudi nikakushukuru, na shukrani ile ilitoka moyoni. Ila Kitinda alipokuambia, "Umemzika mama kabla hajafa," ukasusa chakula chake, na hadi leo mnapishana ukumbini kama wapangaji. Kitinda, ulimi huo umeurithi kwangu, lakini ulimchoma mtu aliyechubuka mikono kwa ajili yangu. Na wewe Fundi, usione dada yako alilia bure. Baba yenu alikufa yeye angali mdogo. Anachokumbuka ni kukaa juu ya tuta akimtazama anapanda. Hana kingine cha kumkumbukia.

Mimi nalala hapa natazama dirishani. Yule kuku mwekundu ameangua, mmemwona? Anachakura ile sakafu. Anachakura, anawaita wanawe kama amepata kitu, wanakuja mbio wote, wanatazama chini, hakuna. Anasogea mbele, anawaita tena, nao wanakuja tena. Nimelia, jamani. Mtu mzima na nyonga yangu mbovu, namlilia kuku.

Basi neno langu ndilo hili: vunjeni sakafu. Acheni kipande cha kupitia hadi bombani, ili mjamzito au mzee asiteleze, kwingine kote ondoeni. Fundi avunje, Kitinda azoe vifusi, na mmoja asimfanyie mwenzake kazi yake. Udongo wa chini utakuwa umeshindiliwa, uchanganyeni na mbolea ya kuku iliyooza. Ile mbichi huunguza miche. Mbegu zimo kwenye kopo la poda juu ya kabati. Msifukie kina, msimwige baba yenu. Vifaranga wafunikeni kwa tenga mwewe akizunguka, na kwenye kisahani chao cha maji tieni vijiwe wasizame. Watu wa msiba wakija wakatafuta kitoweo, yule mwekundu asiguswe. Analea.

Mvua inanukia tayari. Kitinda, mwombe kaka yako radhi. Si kesho, sasa, nisikie... Haya. Umesikia, Fundi? Usilie, baba. Mshike mkono dada yako... ehe. Sasa nendeni mkachukue nyundo. Nendeni, nimesema. Maji sitaki. Fungueni dirisha hilo mkipita.

Radhi zangu mnazo, nyote wawili, sawasawa, sikumpunguzia mtu. Mungu awape mikono isiyochoka, na... na mlango usiofungwa kati yenu. Mnanisikia huko nje? Mimi nawasikia.

Piga, Fundi. Piga tena, baba. Ehe.

Hapo... hapo polepole. Hapo ndipo alipokuwa akisimama baba yenu.