Kwa Nini Mzee Enoka Alijitenga na Chakula cha Wenzake

Kikohozi mlichokuwa mkikisikia usiku wa manane, ninyi majirani wa hapa kijijini Ruanda, kutoka nyumba ya marehemu mzee Enoka Nzunda, hakikuwa kifua kikuu, wala hakikuwa cha mtu aliyerogwa, alikuwa anakula, na jambo hilo litaelezwa mahali pake.

Marehemu alizaliwa mwaka 1903 karibu na Mbozi Mission, akasoma hapo hapo hadi darasa la nne, na tarehe 6 Agosti 1927 akafunga ndoa na marehemu Tabita, wakajaliwa watoto watatu, aliye hai ni Fanueli peke yake. Mwaka 1931 alivuka mpaka pale Tunduma kwenda migodini Rodesia ya Kaskazini, akafanya useremala miaka kumi na sita, mpaka sauti ilipomkauka, madaktari wakakuta saratani ya koo, na Machi 1947 wakampasua, wakamwokoa, ila koo halikurudi kama zamani, tonge halishuki, maji yanatokea puani, uji kikombe kimoja saa nzima.

Akarudi nyumbani, na hapa kwetu wanaume hula pamoja, anayejitenga ni kama amesema wenzake ni wachawi, naye kwa kuona haya hakueleza, akawa anakula peke yake usiku. Julai 1951, harusini kwa binti wa mdogo wake Rubeni, alinawa, akakaa, akainuka bila kugusa, Rubeni akasema mbele ya watu kwamba kaka amerudi Mzungu, sumu anaiona yeye tu, na tangu siku hiyo Rubeni hakukanyaga kwa kaka yake.

Sekela, mke wa Fanueli, ndiye anayesoma haya, aliolewa hapa mwaka 1952, na mkwe hamtazami baba mkwe wake akila, lakini usiku wa tarehe 11 Februari 1953, Fanueli yuko safarini, mtoto yuko mgongoni, alisikia kikohozi kimekatika ghafla, akasimama mlangoni, akiingia amevunja mwiko, asipoingia mzee anakufa, akaingia, akampiga mgongoni mpaka kipande cha boga kikatoka, na mzee alipopata pumzi aliomba jambo moja, asimwambie mtu. Miaka mitatu akauchuja uji kwa kitambaa, akauweka kizingitini, akakaa nyuma ya ukuta akisikiliza, kwa mama yake Ileje haendi, usingizi hapati, na kisimani akimsikia mzee anasemwa, anajitwika ndoo, anaondoka.

Mzee hakuwaogopa ninyi, alikuwa na njaa.

Mei mwaka huu wa 1956 uji ulimwingia mapafuni, ukaleta nimonia, akafariki tarehe 9 Juni alfajiri.

Familia inamshukuru mganga wa misheni, majirani waliochimba kaburi na maseremala waliochonga jeneza, na Sekela anaomba radhi kwa marehemu kwa siri aliyoitoa leo. Pumzika, Baba, hakuna tena anayekungoja ule.

Liko neno aliloacha marehemu kwa baba mdogo Rubeni, Sekela atampa yeye mwenyewe tukitoka makaburini, na anaahidi mbele yenu hatamwambia mtu mwingine yeyote.