Miche Isiyopandwa na Mtu

Mgeni rasmi, Bwana Msimamizi wa Mazingira, karibu Vuhovi. Umepanda mlima wetu katika matope haya, tunakushukuru. Sisi ni wenye misitu ya familia, watu ishirini na sita. Leo tumeona heri tukueleze habari ya mmoja wetu, Mama Berthe Kahongya, kwani ndiye aliyetufungua macho.

TULIKOTOKA

Mume wake alipofariki alimwachia kilima: juu mikaratusi, chini bondeni msitu wa asili. Sisi sote tulipenda mikaratusi, kwa mbao na makaa. Bonde tuliliona pori tu, linangoja shoka.

Asubuhi moja, akiokota kuni, Mama Berthe aliona miche chini ya mti mkubwa. Majani yake hakuyajua. Nani kaipanda? Akainua macho. Shorobo, wale ndege ambao mabawa yao huwaka mekundu wakiruka, walikuwa juu wakila matunda na kudondosha kinyesi. Akakiokota kwa jani, akakifukia katika mikebe yenye udongo, akaandika tarehe kwa mkaa.

"Mama, sasa uko napanda mavi?" shemeji yake Ananie akamcheka.

"Niko natafuta kujua. Weye cheka tu."

Hata Misa ikiisha hakusalimia watu, alikimbilia mikebe.

MAFANIKIO

Ilichipua miche arobaini na mmoja, ya aina kumi na moja. Wazee walitaja aina tisa. Mbili zikawashinda.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hatukufichi. Msitu ule ni wa familia, na Ananie naye ana haki. Mwezi wa nane alikuja na mpasua mbao, Gracien, na mashine begani, waangushe ule mti mkubwa. Mama Berthe hakupiga kelele. Aliwapa viti kando ya mikebe yake.

"Mungoje ndege bakule kwanza. Kisha mutakata."

Wakangoja. Shorobo wakaja, saba. Gracien, kwa kukosa la kufanya, akachuma jani la mche mmoja usio na jina, akalifikicha, akanusa. Akanusa tena.

"Huu njo ule muti wa dawa, tulichunaka ganda yake tukauzisha Butembo," akasema. "Donc, kumbe ingali iko? Miye nilizani tuliumaliza."

"Na huu mwengine?" Ananie akauliza, akiinama.

"Ule sijue."

Wakabishana juu ya jani moja, wote watatu, mpaka jua likawa utosini. Mashine haikuwashwa siku ile. Lakini kesho? Ananie mwenyewe ametuambia: "Njaa ikinibana, hata miye sijiamini."

MAOMBI

Tunaomba karatasi ya Serikali, iseme kwamba hakuna mtu mmoja atakayeuza peke yake mti uliosimama katika misitu yetu. Barua ya kuiomba tunayo hapa; wa kwanza kutia sahihi ni Ananie.

Tunaomba pia mjuzi wa miti. Mche mmoja una miaka mitatu sasa, umefika kiunoni, na hakuna anayeujua.

Tulimwomba Mama Berthe aongeze lake. Akasema: "Mumuambie asituskilize tu pa kiti. Aingie mu pori, aone. Miye nitamutangulia."

Mwenyezi Mungu akubariki, akulinde barabarani, akurudishe salama kwa jamaa yako. Lakini usiondoke bado, Mgeni rasmi. Tazama, Mama amekwisha kusimama.

Ni sisi,
Wenye Misitu ya Familia, Vuhovi.
Imesomwa na Thérèse Maliro.