Shangazi Meno Anaondoka na Gari Lake

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Shangazi Meno anavua aproni yake na kuiaga kaunta ya shafti. Kazi ya kumwandikia wasifu ilikuwa ya mhasibu wetu, mwenye mwandiko mzuri na akili iliyotulia. Bahati mbaya yuko likizo, kwa hiyo nimebebeshwa mimi, muuza taa na vioo wa kaunta ya jirani. Barua ndefu ya mwisho niliyoandika ilikuwa ya posa, na hata hiyo nilisaidiwa.

Wageni wa duka letu la vipuri vilivyotumika hudhani jina lake linatokana na ule mwanya wake mzuri. Sivyo. Meno yenyewe ni ya shafti, ile nondo inayochukua nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye gurudumu. Ncha zake zina meno, na kila jino lina mahali pake pa kuingia. Likizidi au likipungua moja, umenunua chuma cha kuzuilia mlango.

Alianza hapa akiwa mfagizi wa ua. Siku moja alimwona mteja akirudisha shafti kwa mara nyingine tena, huku yeye na muuzaji wakitoleana macho. Akaegemeza ufagio ukutani, akazilaza shafti mbili juu ya benchi na kuanza kuhesabu meno kwa ncha ya kidole. Meneja wa wakati ule hakumruhusu tena kuushika ufagio.

Tangu hapo kaunta ile ina sheria moja: hauziwi shafti mpaka ulete ile iliyoharibika. Yeye huiita marehemu. Akimwambia mteja mgeni alete marehemu, wako waliobaki midomo wazi, na yuko mmoja aliyempa pole. Marehemu akifika hulazwa ubavuni mwa mrithi wake. Shangazi hutazama kwanza kama ni ya kushoto au ya kulia, kisha urefu, kisha meno ya ncha zote mbili, kisha pete ya breki kama gari linayo. Halafu huyakunja maungio na kuyazungusha taratibu, sikio limeinama kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Raba inayofunika maungio ikiwa imepasuka, shafti hiyo haiuzi hata uipigie magoti, kwa sababu mchanga ukishaingia kwenye grisi hautoki kwa kitambaa. Na anayekuja na picha ya simu tu huulizwa kama mke naye alimwoa kwa picha.

Lakini mganga hajigangi. Gari dogo la mumewe, fundi cherehani ambaye sote tunamwita Shemeji, lilikaa miaka juu ya matofali nyuma ya nyumba yao kwa shafti iliyokufa, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Shangazi alikuja kazini kwa miguu, magari aliyoyaponya yakimpita na kumpigia honi za heshima.

Mwaka huu mambo yakageuka. Binti yao wa pekee, anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa, anatarajia kujifungua mwanzoni mwa Julai, na daktari amemwamuru alale tu. Shangazi alimwahidi kwamba mtoto atamkuta bibi yake kando ya kitanda. Shemeji naye hakubali kuondoka bila cherehani yake na kitanda cha mtoto alichokwisha kukishonea chandarua. Mizigo hiyo haipakatwi kwenye basi. Gari lilipaswa litembee.

Jumatatu ya wiki iliyopita Shangazi akaenda rafuni na kuchomoa shafti ya kushoto bila kusita. Mfungaji wetu wa vipuri, ambaye tunamwita Kimya kwa kuwa hanyamazi, akamuuliza marehemu yuko wapi. Akajibiwa kwamba gari lile ameishi nalo nyumba moja tangu aolewe, halihitaji kutambulishwa upya. Tukaenda kulifunga, nami nikibeba tochi mchana kweupe ili nionekane nina kazi.

Shafti ikagoma kuingia. Kimya akahesabu meno yake na ya marehemu aliyechomolewa garini, akarudia, kisha, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akanyamaza. Ndipo Shemeji, akiwa amelikazia macho tairi la mbele, alipoeleza kwa sauti ndogo kwamba kabla ya ndoa giaboksi iliwahi kufa, akawekewa ya gari jingine. Hakutaka mchumba ajue kwamba anachumbiwa kwa gari la viungo vya kuazima.

Shangazi akakaa juu ya tofali akacheka mpaka kilemba kikalegea. Akafuta machozi, na tuliokuwa karibu tuliona kwamba si yote yalikuwa ya kicheko. Asubuhi ile binti alikuwa amepiga simu kuuliza wanatoka lini. Na shafti ya aina ile hatukuwa nayo dukani.

Kimya akambeba marehemu begani, gereji hata gereji. Madereva wa teksi wakalipokea suala hilo kama la ukoo. Mimi nilipewa simu, nikawaambia watu kulia badala ya kushoto, nikanyang'anywa simu.

Siku ya tatu aliingia mzee wa duka la ng'ambo ya barabara, mshindani wetu, ambaye kwa miaka mingi yeye na Shangazi wamesalimiana kwa vijembe tu. Alibeba kitu kirefu ndani ya gunia. Shangazi akanyoosha mikono, mzee akalirudisha gunia nyuma.

"Marehemu kwanza, dada. Ulinifukuzia wateja kwa sheria hiyo, leo nawe uionje."

Wakazilaza benchini, wakainama wote wawili na kuhesabu kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza. Jino la mwisho likakubaliana na mwenzake. Mzee alikung'uta gunia lake tu na kusema kwamba habari ya bei itazungumzwa mtoto akishaota meno.

Jana gari lilizunguka mtaa mzima, kona kali za kushoto na za kulia, kimya kabisa. Kuku wamehamishwa baada ya mabishano. Kaunta ya shafti anaishika Kimya, Mungu awape wateja subira.

Shangazi, asante kwa kutufundisha kutazama kabla ya kuuza, na kwa kututania bila kutuumiza. Binti amepigiwa simu, anajua kwamba Jumamosi alfajiri mnatoka. Tunakuombea ustaafu wenye afya, wajukuu na barabara nzuri. Ukisikia mlio wowote njiani, usisimame kukagua kitu. Huyo ni Shemeji anaimba. Kanyaga mafuta, mwanao anakungoja.