Kitambaa cha Kompyuta

Basi lilipotoka Naivasha, Farhiya aliacha kujifanya amelala. Mazungumzo ya kiti cha mbele yalikuwa matamu kuliko usingizi. Mwanafunzi aliyepakata kompyuta kuukuu alikuwa akimweleza mama asiyemjua hata jina jinsi atakavyoionyesha chuoni Nakuru. "Wanasema kompyuta ya nyumbani ni anasa tu, mathe. Nitawaonyesha hesabu, ramani, bei ya viazi Mau Narok."

"Na hicho kitambaa cha kroshia unakificha mfukoni cha nini?"

"Ni cha marehemu mamangu. Alikuwa anaifunika kompyuta hii nacho kila jioni, kama tivii. Wakikiona watanicheka."

"Aliitumia?" Mama huyo hakuwa mtu wa kuacha jambo katikati, na Farhiya alimshukuru kimoyomoyo.

"Alikuwa anaenda kazi ya shamba la maua kabla sijaamka, kwa hivyo alikuwa ananiandikia humo. Siku ya mwisho aliandika, chai iko kwa thamosi."

"Basi waonyeshe hiyo, mwanangu. Nani atabisha?"

"Hiyo siwezi, mathe. Bado sijamjibu."

"Haya, ifunike basi. Nakuru kuna vumbi."

Basi likasimama Nakuru. Mwanafunzi alikitoa kile kitambaa, akakinusa, akakirudisha mfukoni, akashuka.